Nilivyopigania Jina la Baba

Ndugu yangu aliniambia kwamba baba yetu hakuwahi kuwapo. Hakusema kwa ukali. Alisema akiwa amemlaza mwanawe mchanga begani, jikoni kwake Kinoo, akingoja maji ya kumwogeshea yapoe, kwa sauti ya mtu anayekueleza kwamba gesi imekwisha. Mimi nilikuwa nimebeba kuku wa kuchemsha, uji wa wimbi wa mzazi, na hasira niliyoanza kuiwasha tangu Kangemi. Niliviweka vyote mezani isipokuwa hasira.

"Sema tena," nikamwambia.

"Kulikuwa na mwili, na kumbukumbu, na tabia, vitu mingi tu zimekutana," akasema. "Sisi ndio tuliziita Baba. Sasa zimeachana. Hiyo jina haina mtu ndani, sister. Sitampatia mtoto."

Hayo ndiyo mambo ambayo mtu mzima, mwenye shahada na mke, alikuwa anakwenda kujifunza mjini kila Jumamosi alasiri badala ya kuosha gari kama wanaume wenzake.

Kwa wasiotujua, sisi ni watu wa Ukambani, na kwetu mtoto haokotewi jina barabarani. Mvulana wa kwanza huitwa kwa babu yake mzaa baba, wa pili kwa babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa nyanya zao. Anayeitwa hivyo si mtoto tu. Unamwita baba, unamwita mama, unamsalimu kwa adabu, na mkono wako unasita kabla ya kumchapa. Mimi Mungu alinipa mabinti wawili. Wa kwanza anaitwa kwa mama mkwe wangu, na huyo mwiko aliuonja bila woga wowote kwa upande wangu. Wa pili ana jina la mama yangu, aliyefariki nikiwa mdogo mno kuikumbuka sura yake. Huyo sijawahi kumgusa. Akivunja sahani namwambia, "Pole, mama." Dada yake amelalamika tangu chekechea kwamba nyumba hii haina haki, na ni kweli haina.

Mvulana sikupata, kwa hiyo jina la baba halikuwa na njia ya kupitia kwangu. Lilibaki kwa ndugu yangu, mwana wa kiume wa pekee, aliyechelewa kuoa na akachelewa zaidi kuzaa. Baba alilijua hilo. Miaka yake ya mwisho aliishi Mutuini, kwenye kiploti alichonunua zamani akiwa fundi seremala, nyumba za kupangisha zikiota pande zote mpaka jua likawa linamfikia saa sita tu. Kila nilipomtembelea aliulizia habari za Kinoo kwa kuzungukazunguka. Wako salama? Hakuna jipya? Siku moja akaacha kuzunguka. Alikuwa anapiga randa ubao ambao hakuna mtu aliyekuwa ameuagiza, akasimamisha mkono.

"Nikienda bila kuitwa," akasema, "itakuwa ni kama sikupita."

Nilimwahidi kwamba ataitwa. Nilimwahidi kana kwamba tumbo lilikuwa langu.

Alifariki, na miezi michache baadaye wifi yangu akashika mimba. Walipomwambia kliniki kwamba ni mvulana, nililia kazini, ghorofa ya nane, mbele ya watu waliokuwa wamepanga foleni kufuatilia hati zao za mashamba. Mmoja akadhani ni hati yake imepotea, akaanza kulia pia.

Sasa ndugu yangu na Budha wake. Alianza baba akiwa anaumwa. Mfanyakazi mwenzake alimpeleka katika chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, katikati ya jiji, ambako watu huketi kimya wamefumba macho, kisha hufundishwa. Sikujali. Nilidhani ni mambo ya kushusha presha. Wengine hukimbia msituni alfajiri, wengine huingia vyama vya kununua mashamba huko wasikokujua, yeye akaamua kukaa chini na kuhesabu pumzi. Kanisani walipouliza mbona haonekani nilisema kazi zimemzidi.

Lakini mazishini aliniaibisha. Kwaya inaimba, shangazi zangu wamejitupa chini kwenye udongo mwekundu, na yeye amesimama kando ya kaburi mkavu kabisa, mikono nyuma, anatazama majembe kama msimamizi wa mjengo. Shangazi mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni dawa amemeza. Jioni ile nilimvuta nyuma ya hema nikamuuliza ana moyo au jiwe.

"Kila kitu imeundwa lazima iishe," akaniambia. "Mimi nilijua. Kwani wewe hukujua?"

Nilijua. Hakuna asiyejua. Hata shangazi zangu waliokuwa wakigaragara walijua, na ndiyo maana walikuwa wakigaragara. Kumsomea kanuni mtu ambaye bado ana udongo wa kaburi kwenye kiatu ni ukatili, na nilimwambia hivyo, naye akanitazama kwa huruma. Sijui kama mnaijua hiyo huruma. Ni ile ya mtu aliyepata kiti akimtazama aliyesimama.

Kwa hiyo siku ile Kinoo nilikuwa na akiba. Nilimtolea uvivu. Mengine niliyosema hayaandikiki, lakini nilimuuliza: kama hakuna mtu, ni nani aliyebebwa mgongoni na baba kutoka nyumbani mpaka zahanati siku ya degedege? Ni nani alivalishwa koti la baba, baba akatembea na shati kwenye mvua?

"Kuna mtoto alibebwa," akasema. "Lakini huyo mtoto pia hayuko, sister. Mtafute uone."

Akatandaza mkono ulio huru ili nimkague vizuri. Nikamkagua. Niliona mwanamume mwenye kitambi anayenikera.

"Jina ni ya Baba," nikasema. "Si yako kukataa."

"Na mtoto si wako kupatiana." Hapo sauti yake ilipanda kidogo, nami nikafurahi, maana mtu aliyetulia huwezi kupigana naye. "Unajua unataka nini? Unataka huyu akufanyie kazi. Amezaliwa juzi na tayari ako na kazi, akuwe Baba ndio wewe usisikie uchungu. Unambebesha maiti. Hiyo ni tamaa, na ndiyo inakuumiza. Si kifo ya Baba."

Wifi yangu, aliyekuwa amejinyoosha kwenye kochi sebuleni akitusikia kila neno, aliita bila kufumbua macho.

"Kama ni kupigana pigianeni nje. Na mtu aniletee huo uji."

Nilimpelekea uji, nikambusu mtoto kwenye paji la uso, nikaondoka bila kumuaga baba yake. Wanasema tamaa ndiyo chanzo cha mateso. Mateso yangu mimi yalikuwa na chanzo kinachojulikana: kinakaa Kinoo, ghorofa ya tatu, na tangu siku ile hakikupokea simu zangu.

Wiki zikaenda. Mtoto akawa anaitwa "mtoto". Wifi yangu nilipompigia aliniambia hataki kuingizwa katikati ya watu wa mama mmoja, na kwamba yeye mwenyewe anatoka kwa watu wanaoita watoto kwa wazee wao, kwa hiyo hana ubishi na jina, ana ubishi na kelele. Nyumbani Ukambani walianza kuniuliza mimi. Kila aliyepiga simu alianza na salamu ndefu, kisha, "Na mzee amerudi?" Maana kwetu ndivyo tunavyosema: mtoto akiitwa, mzee amerudi. Nikawa nadanganya kwamba tunangoja tarehe. Nilipofumba macho nilimwona baba na randa yake, amesimamisha mkono, ananitazama. Niliona haya mbele ya marehemu, na kuona haya mbele ya marehemu ni jambo baya, maana huwezi kumpelekea maelezo.

Nikaamua kwenda kwa mwalimu. Nilitaka kumwona kwa macho yangu huyo aliyemtia ndugu yangu maneno hayo mdomoni.

Jumamosi nikatoka kazini mchana nikaenda kwa miguu. Duka lenyewe nilikuwa nikilijua tangu utotoni, ndiko tulikonunuliwa vitambaa vya sare za shule. La familia ya Kihindi, baba, wana, wakwe. Ngazi za juu zipo pembeni. Mlangoni viatu vimepangwa, kuna kibao kinachoomba uvue vyako. Nilivua, na dole gumba langu likachomoza kwenye soksi mbele ya watu wote. Ni vigumu kuingia mahali kwa ukali dole gumba likiwa nje.

Nilitarajia mzee mwenye kanzu ya manjano na kipara. Mwalimu alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa sweta la kijivu, mzaliwa wa hapahapa Nairobi, binti wa wenye duka. Wazazi wake walikuwa Wahindu. Yeye alikwenda Sri Lanka katika ujana wake, akarudi na Budha.

"Karibu, dada," akasema. "Kaa tu popote. Kiti iko kama magoti inasumbua."

Magoti yangu yananisumbua, kwa hiyo nilikaa chini, ili asione.

Wakanyamaza muda mrefu. Nilisikia honi za barabarani, mtu anatangaza soksi kwa kipaza sauti, tumbo la jirani yangu. Kisha akaanza kufundisha. Alikuwa na kipande cha kitambaa cha bluu. Akawa anachomoa nyuzi moja moja, anaziweka chini, na kila baada ya muda anauliza: hii bado ni kitambaa? Na sasa? Kitambaa kimeenda wapi, kimetoka kwa mlango gani? Watu wakatikisa vichwa kwa kuelewa. Mimi nilitaka kumwambia kwamba huko chini kaka zake wanauza kitambaa kwa mita, na hakuna mteja anayekubali kufungiwa nyuzi.

Akasema mambo matatu, na nitayasema kama alivyoyasema kwa sababu sitaki kuambiwa nilisikiliza vibaya. Kwamba kila kilichoundwa kimekusanyika kwa sababu fulani, na sababu zikiisha kinaachana. Kwamba tukikishika kwa nguvu ili kisiachane tunapata kile wanachokiita dukha, ambacho si maumivu tu, ni ule usumbufu wa kutoridhika hata ukiwa umeshiba. Na kwamba ndani ya hivyo vyote, hata ndani yetu, ukitafuta mwenyewe, yule mimi wa kudumu, unakuta mwili, hisia, utambuzi, mazoea ya nia na fahamu, vinabadilika vyote, hakuna mwenye nyumba.

Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi. Sikungoja kuitwa.

"Mama, nyinyi si mnasema mtu akifa anazaliwa tena?"

"Kuzaliwa kunaendelea, ndiyo."

"Kama ndani hakuna mtu, ni nani huyo anazaliwa?"

"Si yule yule," akasema. "Na si mwingine kabisa."

"Hiyo ni jibu ya wakili."

Mtu akacheka nyuma yangu. Yeye hakukasirika, na hilo lilinichoma, kwa sababu nilikuwa nimekuja mjini kukasirikiwa. Basi nikamwaga yote. Nikamwambia baba yangu amekufa akiwa na ombi moja, na kwamba mwanafunzi wake, ndugu yangu, amekataa kumwita mtoto kwa jina la babu yake, kwa sababu ya nyuzi zake hizo.

Akaweka kitambaa chini.

"Nani alimwambia akatae jina?"

"Wewe."

"Mimi niko na jina, dada. Mama yangu alinipa, na mpaka leo nikiitwa naitika. Jina ni ya kuitia watu. Mwambie ampatie mtoto. Akikataa kwa nguvu namna hiyo, hiyo pia ni kushika."

Nilikuwa na hotuba nyingine tatu hivi zilizokuwa bado hazijatumika. Akaleta chai ya maziwa yenye tangawizi na iliki, nikainywa, na ilikuwa tamu, jambo lililoniudhi. Wakati wengine wanatafuta viatu vyao aliniuliza kama nilimpenda sana baba yangu. Nikasema ndiyo. Akasema, "Pole." Hakuongeza kanuni. Sikumsamehe kwa pole ile, lakini niliona kwamba mwanafunzi wake alikuwa amechukua nusu ya somo na kukimbia nayo nyumbani.

Nikiwa bado kwenye ngazi nilimwandikia ndugu yangu kwenye simu: mwalimu wako amesema umpe mtoto jina. Niliandika kwa herufi kubwa zote. Jibu likaja kabla sijafika barabarani. Lilikuwa neno moja: "Sawa." Nilikuwa nimelipigania kwa wiki nyingi, nami nilitaka angalau anipigie magoti. Lakini ushindi ni ushindi. Nikapiga simu Ukambani nikiwa nimesimama katikati ya wauza soksi, nikapaza sauti kwamba mzee amerudi, na nikasikia shangazi yangu akipiga vigelegele upande wa pili.

Walimleta kwangu Mountain View Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa. Nilichinjisha jogoo wawili, nikatandika kochi kwa kitambaa kipya, nikavaa nguo ninayoivaa kwenye harusi. Wifi yangu alipomtoa mtoto kwenye blanketi nikapiga goti, dogo tu, kwa kadiri magoti yalivyoruhusu. "Karibu, baba," nikamwambia. "Umekawia." Nililia, wifi yangu akalia, mume wangu akaomba. Ndugu yangu alisimama pembeni ameshika mfuko wa nepi, na hata yeye akasema amina. Kwa muda ule nilikuwa na furaha isiyo na doa. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu wenzake wa kule juu ya duka wangeipekua mpaka wapate kasoro.

Mtoto akachafua nepi. Wifi yangu akamlaza sebuleni akawa anamfuta, mtoto anarusha miguu, naye anamkemea kwa jina. Jina la baba yangu, ambalo nyumbani kwetu tulilitaja kwa sauti ya chini na kulitanguliza na neno marehemu, sasa lilikuwa likipigiwa kelele juu ya kinyesi: tulia, acha kuruka, ona umejipaka. Mabinti zangu walikuwa wameshalikata katikati na kulitia mkia, likawa jina la kuchezea, wanamtekenya nalo. Hakuna aliyekosea. Hivyo ndivyo jina linavyotumiwa na walio hai. Niliingia jikoni nikageuza chapati ambazo zilikuwa tayari zimegeuzwa.

Tulipokuwa tunakula mume wangu alisifu kabati la sahani, kwamba miaka yote haijalegea hata bawaba. Nikataka kuwasimulia jinsi lilivyotengenezwa, jinsi baba alivyokuja nalo kutoka Mutuini juu ya pikapu amelikumbatia ili lisikwaruzwe. Nikaanza, nikalitaja jina lake.

Kila kichwa mezani kikamgeukia mtoto. Walitabasamu. Binti yangu mdogo akauliza, "Amefanya nini?"

"Si huyu," nikasema. "Yule wa kwanza."

Nilijisikia nikisema maneno hayo. Yule wa kwanza, kama vile unavyosema juu ya mume aliyeachwa. Nikawatazama wote mmoja mmoja, na hakuna aliyeona kitu, isipokuwa mmoja. Ndugu yangu alikuwa ameacha kutafuna. Alijua. Nikamngoja aseme, nilikuwa na jibu tayari, nilikuwa hata nimeshika kijiko vizuri. Hakusema. Akainamisha macho akaanza kumpangusa mtoto udenda kwa kidole, taratibu, na hapo ndipo nilipomkasirikia kuliko siku zote za maisha yetu, kuliko mazishini, kuliko Kinoo. Angesema kanuni ningempiga nayo. Alininyamazia kama anayeniachia nafasi.

Simulizi ya kabati sikuimaliza. Nilisema chakula kinapoa.

Sijamwambia hili lililofuata, na hatalisikia kutoka kwangu, maana sitaki ile huruma yake ya mtu aliyepata kiti. Kanisani kwetu kuna sehemu ya ibada tunaposimama, kila mtu anawataja wapendwa wake waliolala, kimoyomoyo. Nilikuwa nikilitaja jina la baba, na mara moja namwona, masikio yake makubwa, vumbi la mbao kwenye nyusi. Sasa nikilitaja, anayekuja ni mtoto, mashavu, ufizi, anacheka. Namsogeza kando nimtafute mzee. Mwanzoni mzee alikuwa akija akisukumwa. Siku hizi anakawia. Jumapili iliyopita nilimwita mara nyingi nikiwa nimefumba macho, na nilipoyafumbua kanisa zima lilikuwa limeshaketi, nimebaki nimesimama peke yangu, sijampata.